Wa Arobaini na Moja

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, moshi ulionekana mashariki ya kiwanda, nyuma ya kitalu cha miche. Karani wa mizani aliuona dirishani alipoinua kichwa kusoma namba za lori. Ulikuwa mweupe, mwembamba, umesimama wima kama kamba. Aliandika kwanza uzito wa lori, akampa dereva risiti, ndipo akaandika saa katika daftari la matukio. Ilipofika saa tano kasoro robo upepo uliamka, na ile kamba ikalala.

Hakuhitaji kuuliza shamba ni la nani. Upande ule, katika orodha yake, lilikuwa limebaki shamba moja tu ambalo mashine haijaingia. Lilikuwa la kaka yake.

Kiwanda kilinunua matunda ya michikichi kutoka kwa wakulima wadogo, na hapakuwa na mnunuzi mwingine karibu. Misimu miwili nyuma kilitangaza kwamba hakitapokea tena tunda la mkulima anayesafisha shamba kwa moto. Hakikuishia kwenye tangazo. Kilinunua mashine ya kusaga vichaka, ikafungwa nyuma ya trekta, ikazunguka bila malipo kwa wote waliotaka kupanua mashamba. Kazi ya mkulima ilikuwa kufyeka, kulaza vichaka katika mistari iliyonyooka, na kusubiri zamu. Mashine ingepita juu ya mistari na kuacha makapi yanayoozea ardhini. Msimu ule walijiandikisha watu arobaini na mmoja. Aliyepanga zamu alikuwa karani, na kwa sababu hakuwahi kumwongezea wala kumpunguzia mtu kilo moja, wakulima walimwita Rula.

Kaka yake alijiandikisha akiwa wa saba. Siku orodha ilipobandikwa, mtu mmoja kwenye foleni ya mizani alisema kwa sauti ya kusikika, "Wa saba ni kaka yake karani, au macho yangu? Ukoo wa Rula hauchelewi." Watu walicheka kidogo, kicheko cha kupitisha muda. Karani alibandua karatasi jioni ile. Asubuhi yake orodha ilirudi ubaoni, na wa saba alikuwa mtu mwingine. Kaka yake alikuwa wa arobaini na moja.

*

Moto uliteketeza ekari nne za kaka yake na ekari sita za jirani. Wafanyakazi thelathini wa kiwanda na wakulima kadhaa waliupiga kwa matawi mabichi na majembe mpaka saa kumi alasiri. Moto wenyewe ulikufa, moshi haukufa. Mizizi na magogo chini ya majivu viliendelea kufuka, na kwa kuwa upepo ulikuwa umekwisha kazi yake na kuondoka, moshi ulishuka mjini ukakaa.

Jumatano malori yaliwasha taa saa sita mchana. Shule zilifungwa. Zahanati iliishiwa viti, wagonjwa wakaketi kwenye matofali ya ukuta unaojengwa. Mume wa karani, aliyekuwa fundi pikipiki, alifunga karakana yake saa saba akarudi nyumbani na macho mekundu.

"Leo nimetengeneza breki kwa kupapasa," alisema, akivua viatu mlangoni. "Mteja ananiuliza, fundi, umeona tatizo? Nikamwambia tatizo nimelisikia, kuliona bado."

Karani hakucheka. Alikuwa akichomeka vitambaa vilivyoloa kwenye nyufa za dirisha.

"Wanasema ni shemeji," fundi alisema.

"Nani wanasema?"

"Kila mwenye mdomo. Na mwenye mdomo leo ana kikohozi pia, kwa hiyo anasema kwa hasira."

"Sijapeleka ripoti bado. Mpaka ripoti iandikwe, hakuna anayejua."

Fundi alimtazama mkewe mgongoni. "Wewe unajua," alisema.

Ripoti ya moto ilikuwa karatasi moja. Chini yake palikuwa na visanduku vitatu vya chanzo: Hakijulikani, Uzembe, Kusudi. Uzembe ulimtoa mkulima katika orodha ya wauzaji kwa msimu mmoja. Kusudi lilimtoa kwa misimu mitatu. Kaka wa karani alikuwa na michikichi ya zamani inayozaa, ekari tano, na nyumba nzima ilikula kutoka hapo. Msimu mmoja angeweza kuuvuka kwa kukopa na kufunga mkanda. Misimu mitatu hapana. Karani, ambaye alijua uzito wa kila lori alilowahi kuleta kaka yake, alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alhamisi, kwenye foleni ya mizani, wakulima walikuwa wamejifunga vitambaa puani, na sauti zilitoka bila sura.

"Rula, habari za nyumbani?"

"Nzuri. Sogeza lori mbele kidogo."

"Nasikia rula ya chuma hupinda ikipata moto."

"Kilo elfu mbili mia nne na kumi. Sahihi hapa."

"Tunauliza tu, mama. Mwanangu yuko zahanati tangu jana. Tunataka kuona kaka atapimwa kwa mizani ileile."

Alitia sahihi mahali pake na kugeuza daftari. Mwenye mtoto alitia yake. Mkono wake ulikuwa na masizi. Alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda kuuzima moto bila kuitwa.

*

Ijumaa mchana karani alikwenda kwa kaka yake kwa miguu. Uani palikuwa na miche mia moja na arobaini, kila mmoja katika mfuko wake mweusi wa plastiki, imepangwa kwenye kivuli cha ukuta. Kitalu cha kiwanda kiliigawa mapema ili kupata nafasi ya mbegu mpya. Mizizi ilikuwa imetoboa mifuko chini na kutambaa juu ya saruji ikitafuta udongo. Majani yalikuwa ya njano pembeni.

Wifi yake alikuwa akiimwagilia kwa kikombe. Hakuinuka.

"Karibu, wifi. Umekuja kama wifi au kama ofisi?"

"Nimekuja kumwona kaka."

"Basi ni ofisi. Wifi huanza kwa kuuliza watoto."

Karani aliwauliza watoto. Wifi alimjibu kwamba wazima, wanakohoa kama watoto wote, na akaendelea na kikombe chake.

Mama yao alikuwa ndani, ameegemezwa kwenye mito mitatu. Aliishi na mwanawe tangu alipofiwa na mume. Pumzi yake ilisikika kutoka mlangoni, kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe. Alimshika binti yake mkono akauliza kama fundi amekula, kama paa la jikoni limezibwa, na kama ni kweli kiwanda ndicho kilichoungua.

"Si kiwanda, mama. Ni shamba."

"La nani?"

Kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. "La kwangu, mama," alisema. "Nimekwambia jana."

"Ah. Kweli, ulinambia. Pole, mwanangu."

Walitoka wakasimama nyuma ya nyumba, pahali pa kuanikia nguo. Karani alitoa kalamu, kisha akairudisha mkobani.

"Niambie ilivyokuwa, kaka."

"Unauliza kama hunijui." Alizungumza polepole, bila hasira. "Mistari ilikuwa imelala wiki tisa. Tangazo lako lilisema kila mtu afyeke kabla ya tarehe tano, nami nilifyeka kabla ya tarehe tano. Wa kwanza mashine imemkuta vichaka vyake vibichi, vinatoa maji. Mimi vyangu vilikuwa kuni. Ukikanyaga, vinalia."

"Mashine iliharibika siku kumi na moja. Mkanda ulikuwa unasubiriwa."

"Najua. Sikulaumu kwa mkanda." Alitazama kule shambani, ingawa kwa moshi hakuna kilichoonekana. "Nilikuwa na mke wangu na watu wanne na ndoo ishirini. Hakuna upepo. Nikasema nitachoma mstari mmoja, uzimike, halafu wa pili. Ule wa kwanza ulizimika vizuri. Wa pili ndio upepo ulipokuja. Na mistari si umeipanga inyooke? Moto ulipanda juu yake kama unapanda ngazi."

Karani alifunga mkoba.

"Mashine ilipita mpakani kwangu mara mbili," kaka alisema. "Mara mbili, mdogo wangu. Niliisimamia na jembe mkononi kama mtu anayesindikiza msafara wa harusi asiyoalikwa."

"Dereva alinipigia."

"Alinambia amekupigia."

Ilikuwa kweli. Wiki tatu kabla ya moto, dereva wa mashine alimpigia karani akiwa amesimama kwenye njia panda. Mama karani, niko mpakani mwa kaka yako, alisema. Vichaka hivi ni mkaa mtupu, niingize? Nusu siku tu, kesho asubuhi nitakuwa kwa huyo wa thelathini na tatu. Karani alimjibu kwamba foleni ni foleni. Wiki iliyofuata dereva alipiga tena kutoka palepale, akajibiwa vilevile. Hakupiga mara ya tatu.

"Ungekuwa si kaka yangu ningemruhusu," karani alisema.

"Hilo ndilo nililomwambia mke wangu. Nilisema, hii ni gharama ya kuwa na dada mnyofu." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkata. "Wewe andika. Mimi sikuficha, nawe usinifiche. Lakini andika na hizo simu. Isionekane kama niliamka tu asubuhi nikawasha kiberiti."

*

Jumamosi asubuhi karani alikaa mezani, akatia alama kwenye kisanduku cha Uzembe, kisha akachukua karatasi ya pili. Ripoti haikuwa na nafasi ya karatasi ya pili. Aliibana kwa pini. Aliandika kwa saa mbili. Aliandika kwamba alimshusha mkulima wa saba akawa wa arobaini na moja ili watu wasiseme. Aliandika tarehe ya orodha mbili, ya kwanza na ya pili. Aliandika kwamba agizo la kufyeka kwa tarehe moja, lililokuwa lake, liliwaacha wa mwisho na vichaka vikavu kwa miezi miwili, na kwamba miche iligawiwa kabla ya mashamba kuwa tayari. Aliandika simu mbili za dereva. Aliandika simu tatu za kaka yake: ya kwanza ya kuuliza zamu, ya pili ya kusema miche inakufa. Ya tatu ilipigwa Ijumaa iliyotangulia moto.

Fundi alisoma akiwa amesimama, karatasi ameishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya grisi.

"Hii ya tatu," alisema.

"Ndiyo."

"'Alisema kwamba asipoiona mashine kufikia Jumanne, atachoma mstari mmoja mmoja kwa uangalifu.' Umeandika neno kwa neno."

"Ndivyo alivyosema. Nami nilimjibu zamu yake inakuja. Akasema inakuja kama kiyama. Nilikata simu, sikumwambia mtu yeyote. Nilionywa siku nne kabla, na sikufanya lolote. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, nitaliachaje?"

"Unaliacha tu. Unaandika simu mbili, unaweka nukta."

"Nitakuwa nimedanganya."

"Kunyamaza si kudanganya, mke wangu. Kungekuwa uongo, nisingekuwa na ndoa." Aliweka karatasi mezani. Kidole gumba kiliacha alama nyeusi pembeni. "Unajilaumu wewe humu, nimeelewa. Lakini watakaosoma hawatafuti wa kukulaumu wewe."

Karani aliifuta ile alama kwa kitambaa. Haikutoka. Aliinakili karatasi nzima upya, simu tatu zote, na Jumatatu saa mbili kasoro kumi aliipeleka.

*

Meneja wa mashamba alikuwa mtu mtulivu, aliyepanda cheo kutoka kitaluni, na kucha zake bado zilikuwa na udongo. Alisoma karatasi ya kwanza kwa haraka na ya pili mara mbili. Moshi ulikuwa umepungua. Kupitia dirisha lake bomba la kiwanda lilionekana mpaka nusu.

"Sijawahi kupokea ripoti kama hii," alisema. "Kaa."

Alikaa.

"Hapa pana mambo manne ambayo tumeyakosea sisi, si mkulima. Mashine moja kwa watu arobaini na mmoja. Mkanda wa akiba hatukuwa nao. Miche mapema. Na hili la kufyeka siku moja." Alihesabu bila kutumia vidole. "Msimu ujao hakuna atakayefyeka mpaka mashine iwe imebakiza siku tano kumfikia. Zamu zitafuata mashamba yalivyopakana, si majina. Mashine ya pili nitaiomba wiki hii, na nikiambatisha karatasi yako wataitoa. Picha za setilaiti hutuonyesha moto ukishawaka. Hii inaonyesha ulivyopikwa."

"Asante."

"Sasa hii ya kwanza." Alivuta karatasi ya visanduku. "Umetia alama Uzembe."

"Alikuwa na ndoo ishirini na watu wanne. Alichoma mstari wa kwanza na kuuzima. Hakukusudia kuteketeza ekari kumi."

"Lakini alikusudia kuwasha."

Karani alivuta kiti karibu na meza.

"Ningepewa karatasi ya kwanza peke yake," meneja alisema, "nisingeuliza. Moto wa shambani, upepo, ndoo. Ningetia sahihi Uzembe na kumaliza. Nimewahi. Lakini umeniletea hapa kwamba alitangaza siku nne kabla. Ameitaja siku, na siku ikawa hiyohiyo. Karatasi hii nikiipeleka juu kuomba mashine, wataisoma yote. Siwezi kupeleka nusu."

"Nitaiandika upya."

Alilisema kabla hajalifikiri. Meneja alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeona saa ya ukutani ikirudi nyuma.

"Wewe?"

Karani alitazama mikono yake. Nje, lori lilikuwa limesimama juu ya mizani na dereva alikuwa akipiga honi mara mojamoja, kwa adabu.

"Hiyo sheria mpya," alisema. "Kama kosa ni letu, haiwezi kumwangalia na yeye?"

"Sheria mpya inaanza msimu ujao. Jirani yake amepoteza ekari sita, na mtoto wa watu jana ameingizwa hospitali ya wilaya. Nitawaambia nini hao, kwamba aliyewasha tumemsamehe kwa sababu dada yake anaandika vizuri?" Alisema bila ubaya. Alichukua kalamu, akakata alama ya Uzembe kwa mstari mmoja, akatia alama kwenye Kusudi, akasaini. Kisha alimgeuzia karatasi. Kila rekebisho lilihitaji sahihi ya karani.

Alitia sahihi. Dereva wa lori akapiga honi tena, naye akaenda kupima.

*

Mtoto aliyelazwa alitoka hospitali siku ya tisa. Mashine ya pili iliidhinishwa mwishoni mwa mwezi, pamoja na mikanda miwili ya akiba, na tangazo la utaratibu mpya likabandikwa kwenye ubao wa mizani. Wakulima walilisoma wakasema ni zuri, na kwamba lingefaa zaidi lingekuja kabla. Chini ya tangazo hilo palikuwa na karatasi ndogo yenye jina moja na maneno misimu mitatu. Aliyekuwa amesema habari za ukoo wa Rula alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaja dirishani.

"Mama karani, sisi tulikuwa tunatania tu."

"Najua. Sogeza lori."

Kaka hakupiga simu, na yeye hakupiga. Fundi alikwenda mara mbili akarudi na habari kidogokidogo: miche imerudishwa kitaluni, iliyo hai thelathini na sita, wifi amepeleka watoto kwao, shemeji amepata kazi ya kuponda kokoto kwenye machimbo, mwendo wa siku nzima kwa basi, na huko hulala kwenye mabanda ya vibarua.

"Na mama?" karani aliuliza.

"Hilo sikuliuliza. Niliona aibu."

Jumapili ya tatu baada ya tangazo, saa kumi kasoro robo alasiri, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya nyumba yao. Kaka alishuka upande wa dereva, akazunguka, akamshusha mama yao kwa kumkumbatia kiunoni. Nyuma palikuwa na godoro, mito mitatu, begi na kiti chake cha kuogea. Fundi alitoka akapokea godoro bila kuulizwa. Karani alisimama mlangoni.

"Karibu ndani, kaka."

"Gari ni la mtu, mdogo wangu. Nimeahidi kulirudisha kabla ya saa kumi na moja." Mkono wake ulikuwa umepona, ngozi mpya iling'aa, haina vinyweleo. Alitoa mfukoni kifuko cha dawa. "Hii moja asubuhi, moja jioni. Hii ya kuvuta akibanwa tu. Akisema hajabanwa, usimsikilize, sikiliza kifua."

"Kaka."

"Usiku hulala ubavu wa kulia."

"Kaka, niliandika zile simu kama ulivyosema."

"Najua. Nilionyeshwa." Alimtazama, si kwa muda mrefu. "Uliandika vizuri. Hukukosea hata neno."

Alimwinamia mama yao, akamwambia kitu sikioni, mama akatikisa kichwa kukubali. Alishikana mikono na fundi. Kisha aliingia garini, akageuza kwa shida kwenye njia nyembamba, huku fundi akimwonyesha nafasi kwa mkono, akaondoka.

Walimwingiza mama sebuleni wakamketisha. Aliangalia dirisha, pazia, picha ukutani. Pumzi yake ilichukua muda kutulia, nao walisubiri.

"Kaka yako amekunywa hata maji?" aliuliza.

"Hapana, mama," karani alisema.